Primo Carnera, Pandikizi la Mtu

Primo Carnera alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1906 katika kijiji cha Sequals, kaskazini mwa nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa bado kijana mdogo aliiacha nchi yake, akaenda Ufaransa kutafuta kazi. Huko alizidi kukua, hata akawa pandikizi la mtu, urefu wake karibu mita 2, na uzito wake zaidi ya kilo 110. Watu wa sarakasi walipomwona wakamchukua, wakamtembeza mji kwa mji, ili watu watoe fedha wauone ukubwa wake na nguvu zake.

Mwaka wa 1928 mpiga ngumi mmoja wa zamani, Paul Journée, alimwona, akampeleka kwa Léon Sée, msimamizi wa wapiga ngumi. Mwaka ule ule Carnera akaanza kupigana, na mwaka wa 1930 akawa yuko Marekani. Huko aliangukia mikononi mwa watu wadanganyifu, na baadhi yao walikuwa wahalifu. Alishinda mara nyingi, walakini watu wengi waliamini ya kuwa wengine walioshindana naye walilipwa ili waanguke makusudi.

Tarehe 29 Juni 1933 alimwangusha Jack Sharkey, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Lakini enzi yake haikudumu. Tarehe 14 Juni 1934 Max Baer alimpiga akaanguka mara nyingi, na kila alipoanguka aliinuka tena, hata mwamuzi akalikomesha pambano. Mwaka wa 1935 alishindwa na Joe Louis, kijana mweusi wa Marekani. Siku zile serikali ya Italia ilikuwa ikijiweka tayari kuishambulia nchi ya Uhabeshi; kwa hiyo watu weusi walifurahi sana, ingawa Carnera mwenyewe hakuwa na neno katika mambo ya vita.

Basi, ile fedha iliyolipwa na maelfu ya watazamaji ilikwenda wapi? Wasimamizi wake waligawana sehemu kubwa, na yeye aliyepigwa akapata kidogo tu. Mwaka wa 1938 akatolewa figo moja, akarudi kwao hana afya wala mali.

Vita kuu ilipokwisha, Carnera alirudi Marekani mwaka wa 1946, akaingia katika mieleka ya maonyesho. Katika mchezo huo wenye kushindana hupatana mbele nani atashinda; kazi yao ni kuwafurahisha watazamaji kwa nguvu na ustadi. Wenye mchezo hupenda kuwaalika mashujaa wa michezo mingine, kwa kuwa watu huja kwa wingi kuliona jina wanalolijua. Wengine walimhurumia Carnera wakidhani ameshuka cheo. Kumbe hapo ndipo alipopata faida. Katika ngumi, mchezo uliodaiwa kuwa wa kweli, alidanganywa. Katika mieleka, mchezo wa maonyesho, alipata ujira wake mwenyewe. Alizunguka miji mingi, akawalisha mkewe na watoto wake wawili, na mwaka wa 1953 akawa raia wa Marekani.

Njia hiyo hiyo aliifuata Joe Louis. Baada ya kuwa bingwa karibu miaka 12, alidaiwa kodi nyingi na serikali, na mwaka wa 1956 naye akaingia katika mieleka ili apate fedha. Lakini aliumizwa kifuani, na kazi hiyo haikumaliza deni lake.

Carnera alipougua alirudi Sequals, akafa huko tarehe 29 Juni 1967, siku ile ile aliyopata ubingwa miaka 34 nyuma. Nguvu zake zilimpa jina kubwa, lakini hazikumlinda na wajanja. Wazee husema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye nguvu naye sharti ajue kuhesabu jasho lake.