Confucius, mwalimu aliyelala kati ya ukoo wake

Msikilizaji, huko Qufu, mkoani Shandong nchini China, kuna msitu wenye makaburi zaidi ya 100,000 ya ukoo mmoja, ukoo wa Kong. Tunaanzia hapo kwa kuwa ndipo alipozikwa Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo. Alifiwa na baba akiwa mdogo. Ujanani alitunza ghala la nafaka na mifugo ya wakubwa. Alizunguka miaka kama 14 akitafuta mtawala wa kumsikiliza, asimpate. Akarudi kwao kufundisha, akafariki mwaka 479. Mwanafunzi wake Zigong inasemekana alikaa kibandani kando ya kaburi miaka 6. Matanga gani hayo! Mwaka 1966 vijana wa Mao walivunja jiwe la kaburi. Limeungwa, nyufa bado zinaonekana.