Rudolf Nissen

Rudolf Nissen (Neisse, 5 Septemba 1896 – Riehen, Uswisi, 22 Januari 1981) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ujerumani aliyefanya kazi pia nchini Uturuki, Marekani na Uswisi. Anajulikana hasa kwa upasuaji uitwao fundoplikesheni, au kwa kifupi upasuaji wa Nissen, unaozuia asidi ya tumbo isipande kwenye umio. Ndio upasuaji unaozungumzwa zaidi mgonjwa wa kiungulia cha muda mrefu anapotumia dawa bila kupata nafuu.

Nje ya fani ya tiba, wengi wanamfahamu kwa jambo jingine: ndiye aliyempasua Albert Einstein.

Utoto na masomo

Alizaliwa Neisse, mji wa Silesia uliokuwa wakati huo sehemu ya Dola la Ujerumani. Leo mji huo unaitwa Nysa na uko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na baba yake alikuwa daktari mpasuaji. Nissen alisoma tiba katika vyuo vikuu vya Munich, Marburg na Breslau, lakini masomo yalikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza. Akiwa jeshini alipigwa risasi pafuni, na jeraha hilo lilimsumbua maisha yake yote. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa upasuaji wa mapafu alikuwa mwenyewe na pafu bovu.

Kazi Ujerumani

Baada ya vita alifanya kazi Freiburg chini ya Ludwig Aschoff, mtaalamu wa kuchunguza viungo vilivyoharibiwa na maradhi. Mwaka 1921 alijiunga na Ferdinand Sauerbruch huko Munich, mpasuaji maarufu wa kifua wa zama zile, na mwaka 1927 alimfuata katika hospitali ya Charité mjini Berlin.

Mwaka 1931 alitoa pafu zima la msichana wa miaka 12 ambaye njia zake za hewa zilikuwa zimeharibika na kujaa usaha. Mara ya kwanza moyo wa mtoto ulisimama, ikabidi kazi iachwe. Baada ya wiki mbili Nissen alirudia, akafaulu. Huo unahesabiwa kuwa upasuaji wa kwanza wa kutoa pafu zima ambao mgonjwa alipona.

Uhamishoni Uturuki

Chama cha Nazi kilishika serikali mwaka 1933. Sheria ya Aprili mwaka huo iliwafukuza Wayahudi katika kazi za umma, ingawa kwa muda iliwaacha waliopigana mstari wa mbele vitani. Nissen angeweza kubaki kwa sababu ya jeraha lake la vita. Hakukubali, akaondoka. Mwaka huohuo serikali ya Atatürk ilikuwa inakipanga upya Chuo Kikuu cha Istanbul na kuwapokea wataalamu waliofukuzwa Ujerumani. Nissen alipewa kuongoza idara ya upasuaji, akakaa huko hadi mwaka 1939.

Katikati ya miaka ya 1930 alimhudumia kijana mwenye kidonda sehemu ya chini ya umio. Nissen alikata sehemu iliyoharibika, kisha akaushona umio uliobaki kwenye mfuko wa tumbo. Mshono wa namna hiyo ulikuwa wa hatari, kwa sababu ukivuja mgonjwa hufa. Ili kuulinda, aliikunja sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo kuuzunguka mshono, kama mtu anavyojifunga skafu shingoni. Hakukusudia chochote zaidi ya ulinzi huo. Lakini baada ya miaka mingi alipata habari kwamba mgonjwa yule hakuwa na kiungulia, ingawa mlango wa asili kati ya umio na mfuko wa tumbo ulikuwa umekwisha kukatwa. Nissen aliliweka jambo hilo moyoni kabla ya kulifanyia kazi.

Marekani na Einstein

Mwaka 1939 alihamia Marekani. Alifanya utafiti kwanza katika Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, kisha akaongoza upasuaji katika hospitali za Brooklyn, New York. Mwaka 1946 alimtibu Gustav Bucky, mtaalamu wa mionzi na rafiki wa Einstein, aliyekuwa na ngiri ya kiwambo. Kiwambo ni msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Katika ngiri hiyo sehemu ya mfuko wa tumbo hupenya tundu la kiwambo na kupanda kifuani. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa mtu mzima sana, Nissen hakutaka kumfungua kifua. Aliuvuta mfuko chini akaushona kwenye ukuta wa tumbo.

Desemba 1948 aliitwa kumpasua Einstein aliyekuwa na maumivu ya tumbo. Alikuta mshipa mkubwa wa damu umevimba vibaya. Wakati ule hapakuwa na mshipa wa bandia wa kuuweka badala yake, hivyo Nissen aliuzungushia karatasi ya selofani ili tishu ziote na kuuimarisha. Einstein aliishi zaidi ya miaka 6. Aprili 1955 mshipa ulipoanza kuvuja madaktari walimshauri apasuliwe tena. Alikataa, akafariki tarehe 18 mwezi huo.

Basel na upasuaji wa kiungulia

Mwaka 1952 Nissen alirudi Ulaya kuwa profesa wa upasuaji mjini Basel, Uswisi.

Ili kuelewa alichofanya huko, ni lazima kujua kiungulia kinavyotokea. Umio ni mrija wa kupeleka chakula kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa tumbo. Mwisho wake una msuli wa duara unaofunguka chakula kinapopita na kujifunga baada ya hapo. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda. Mfuko una utando wa kujikinga na asidi, umio hauna. Mgonjwa husikia moto kifuani na hucheua maji machungu, hasa akilala au akiinama. Hali hiyo ikidumu miaka, umio huweza kupata vidonda, ukasinyaa na kuwa na makovu, na kwa wachache utando wake ukabadilika hadi kuelekea kwenye saratani.

Mwaka 1935 Asher Winkelstein wa New York alieleza kwamba uvimbe wa umio unaweza kusababishwa na asidi ya tumbo. Mwaka 1951 Philip Allison wa Uingereza alipendekeza kuirekebisha ngiri ya kiwambo ili kuzuia asidi. Wazo lilikuwa zuri, lakini matokeo hayakudumu: mwaka 1973 Allison mwenyewe alitangaza kwamba tatizo lilirudi kwa karibu nusu ya wagonjwa wake. Si kila mpasuaji hukubali kuchapisha habari kama hiyo.

Dawa zilikuwa chache. Mgonjwa wa miaka ya 1950 alipewa unga wa kupooza asidi, akaambiwa anywe maziwa na ainue kichwa cha kitanda. Mwaka 1955 Nissen aliirudia mbinu ya Istanbul, safari hii bila kukata kitu. Alichukua sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo, akaipitisha nyuma ya umio na kuishona mbele, ikauzunguka umio wote kwa urefu wa sentimita 6 hivi. Mfuko ukijaa, mkunjo huo huubana umio, na asidi hukosa njia. Mwaka 1956 alichapisha habari za wagonjwa wawili katika jarida la tiba la Uswisi, akiuita upasuaji rahisi.

Urahisi huo ulikuwa na gharama. Baadhi ya wagonjwa walishindwa kumeza vizuri, wengine hawakuweza kucheua gesi wala kutapika, wakabaki na tumbo lililojaa hewa. Nissen na msaidizi wake Mario Rossetti waliendelea kuurekebisha, na wapasuaji waliofuata waliufupisha mkunjo hadi sentimita 2 hivi na kuulegeza. Wengine hawazungushi umio wote: Jacques Dor alianzisha mkunjo wa mbele mwaka 1962, na André Toupet mkunjo wa nyuma mwaka 1963, yote miwili ya nusunusu.

Miaka ya mwisho

Nissen alistaafu mwaka 1967. Mwaka 1969 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, kitabu kiitwacho Helle Blätter, dunkle Blätter, yaani kurasa angavu na kurasa za giza. Alifariki Riehen karibu na Basel akiwa na umri wa miaka 84.

Upasuaji wake leo

Mambo mawili yalibadilisha matumizi ya kazi yake. La kwanza ni dawa: simetidini mwaka 1976, na omeprazoli mwaka 1988, ambayo hupunguza sana utengenezaji wa asidi. Wagonjwa wengi hawakuhitaji tena kisu. La pili ni upasuaji wa matundu madogo. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Ubelgiji aliripoti upasuaji wa Nissen uliofanywa kwa kamera na vyombo vyembamba, na mgonjwa hakuhitaji tena kukaa hospitalini muda mrefu.

Swali lililobaki ni nani apasuliwe. Watu hudhani jibu ni jepesi: dawa ikishindwa, pasua. Sivyo. Dawa kushindwa kunaweza kuwa na maana kwamba asidi siyo chanzo cha maumivu, na kama siyo chanzo, mkunjo wa Nissen hautasaidia kitu bali utaongeza tabu ya kumeza.

Hilo lilionekana katika utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019. Watu 366 waliletwa kwa sababu kiungulia chao hakikusikia dawa. Wote walipewa omeprazoli kwa wiki mbili wakielekezwa namna sahihi ya kuimeza, na 42 wakapata nafuu papo hapo. Vipimo vilionyesha kwamba 99 hawakuwa na tatizo la asidi, na 23 walikuwa na magonjwa mengine ya umio. Wengine waliachwa nje kwa sababu mbalimbali. Walibaki 78 tu ambao kweli walikuwa na asidi inayopanda na dawa isiyotosha. Kati yao waliopasuliwa, asilimia 67 walifanikiwa. Kwa walioongezewa dawa nyingine ilikuwa asilimia 28. Kwa hiyo upasuaji ulikuwa bora waziwazi, ila kwa kundi dogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa watu ambao dawa inawafaa mambo ni tofauti. Utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2011 ulikuta baada ya miaka 5 asilimia 92 ya waliotumia dawa na asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa bado na hali nzuri.

Ndiyo maana daktari huanza na mambo madogo. Huuliza kama dawa humezwa nusu saa kabla ya chakula, au huachwa siku mbili na kurudiwa siku ya tatu. Huuliza kuhusu uzito, sigara, na kula usiku na kulala mara moja. Kisha hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kutazama umio na mfuko wa tumbo. Kabla ya kukubali upasuaji, hupima asidi ndani ya umio kwa muda wa saa 24 au zaidi, na hupima nguvu ya umio kusukuma chakula. Kipimo hiki cha mwisho hakipaswi kurukwa, kwa sababu kuna ugonjwa uitwao akalasia, ambao msuli wa chini ya umio haulegei kabisa. Dalili zake hufanana na kiungulia, na mkunjo wa Nissen unaweza kumfanya mgonjwa huyo ashindwe kumeza. Mgonjwa aambiwe pia kwamba baadhi ya waliopasuliwa hurudi kwenye dawa baada ya miaka, na wachache hupasuliwa tena.

Katika Afrika Mashariki

Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, aliandika kwamba ngiri ya kiwambo ilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini kuliko kwa watu wa Ulaya, akaihusisha na vyakula vyenye makapi mengi. Maelezo yake kuhusu chanzo hayakukubaliwa na wote, na vyakula vya miji ya leo si vile alivyoviona.

Nchini Tanzania kiungulia na vidonda vya tumbo huchanganywa kila siku katika mazungumzo. Mkazi wa Mtumba au wa kata nyingine ya Dodoma anaweza kununua omeprazoli duka la dawa kwa miezi mingi bila kupimwa hata mara moja. Hatari ipo mahali mahususi. Saratani ya umio hupatikana kwa wingi katika ukanda wa Afrika Mashariki, mara nyingi ya aina isiyotokana na asidi. Mtu ambaye chakula kinakwama kifuani, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asiongeze dawa ya kiungulia. Huyo anahitaji rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya kwenda hospitali yenye kipimo cha kamera, na mazungumzo ya upasuaji wa Nissen hayaanzi kabla ya kipimo hicho.