Mtakatifu Klara na Hati ya Ufukara

Klara alizaliwa Asizi, Italia, katika familia tajiri, karibu mwaka 1194. Usiku wa Jumapili ya Matawi mwaka 1212 alitoroka nyumbani, akamfuata Fransisko katika ufukara. Akaishi San Damiano pamoja na masista wenzake.

Zama zile ahadi ya mdomo iliweza kusahaulika aliyeitoa akifa. Hati yenye muhuri ilibaki kuwa ushahidi. Monasteri nyingi zilitunza hati za mashamba yao. Klara aliomba hati ya kutomiliki kitu. Papa Gregori IX alimsihi apokee mali, akakataa. Mwaka 1228 akapewa ruhusa hiyo kwa maandishi.

Mwaka 1247 Papa Inosenti IV alitoa kanuni iliyoruhusu masista hao kuwa na mali. Klara akaandika Kanuni yake mwenyewe. Papa aliithibitisha tarehe 9 Agosti 1253. Siku mbili baadaye Klara akafariki. Mwaka 1893 hati hiyo ilipatikana Asizi kati ya mavazi yake.

Sisi tunaotunza hati za viwanja vyetu, tumkumbuke Klara: hati aliyoipigania haikumpa mali, ililinda nadhiri yake.