C. V. Raman, mhasibu aliyetuachia kipimo cha mafuta ya maziwa

Msikilizaji wetu anayenunua samli hapa Tura ana swali la siku zote: hii ni samli tupu, au mtu ametia mafuta ya alizeti? Kuna kipimo kinachoweza kujibu bila kuionja wala kuichemsha. Kina jina la Mhindi mmoja, Chandrasekhara Venkata Raman, aliyezaliwa tarehe 7 Novemba 1888 mjini Tiruchirappalli, kusini mwa India.

Raman hakuanzia maabara. Mwaka 1907 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kwenye idara ya fedha mjini Calcutta. Alfajiri kabla ya kazi, na jioni akitoka ofisini, alikwenda kufanya majaribio kwenye maabara ya chama cha sayansi cha mji ule. Mwaka 1917 aliacha mshahara mnono wa serikali akawa profesa kwa malipo madogo zaidi. Wengi wetu tusingethubutu.

Mwaka 1921, akiwa melini kutoka Ulaya, aliitazama bahari ya Mediterania na buluu yake. Wataalamu walisema bahari huazima rangi ya mbingu. Yeye hakuridhika. Alipima, akaona maji yenyewe hutawanya mwanga. Akaendelea kumulika vimiminika vya kila aina pamoja na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, na tarehe 28 Februari 1928 jibu likapatikana. Mwanga ukipita kwenye kitu, sehemu ndogo mno hutoka ikiwa imebadilika rangi, na kila kitu huibadilisha kwa namna yake. Ni kama chapa ya ng'ombe: ukiiona, unajua ng'ombe ni wa boma gani.

Mwaka 1930 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Husimuliwa kwamba alikata tiketi za meli kabla hata washindi hawajatangazwa! Alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970.

Sasa turudi kwenye maziwa. Ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87, lakini kwenye kipimo cha Raman maji huonekana hafifu na mafuta huonekana wazi. Mtaalamu humulika kwa leza, kisha husoma chapa: mafuta magumu yana alama zake, yale yasiyoganda upesi yana zake. Hata majani mabichi aliyokula ng'ombe huonekana, kwa sababu ya rangi ya manjano inayoingia kwenye mafuta yake. Mbuzi huibadilisha rangi hiyo kuwa vitamini A, ndiyo maana mafuta ya maziwa yake ni meupe.

Alizeti ina mafuta mengi yasiyoganda. Ikitiwa kwenye samli, alama hizo huongezeka kupita kawaida, hata kama kwa macho samli inang'aa vizuri kwenye chupa.