Bob Widlar, mtu aliyeutia umeme adabu

Aliyeishi kwetu anaijua adha ya umeme unaopanda na kushuka: taa inafifia, mara inawaka kupita kiasi, na friji isiyo na stabilaiza inaungua. Ndani ya vyombo vidogo kazi hiyo ya kutuliza umeme hufanywa na chipu, na aliyefungua njia hiyo ni Mmarekani Robert Widlar, maarufu kwa jina la Bob.

Widlar alizaliwa Novemba 30, 1937, mjini Cleveland. Baba yake alikuwa mtaalamu wa redio aliyejifunza mwenyewe. Kijana alipitia jeshi la anga, akasomea Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka 1963 akaajiriwa na kampuni ya Fairchild huko California.

Hapo alikutana na Dave Talbert, bingwa wa kutengeneza chipu zenyewe. Widlar anachora, Talbert anapika. Amplifaya yao ya mwaka 1965, μA709, iligombaniwa na wanunuzi. Lakini faida ilikuwa ya kampuni, na wawili hao wakaondoka. Inasimuliwa kwamba fomu ndefu ya kuacha kazi Widlar aliirudisha karibu tupu, ameeleza tu kwamba anataka kuwa tajiri.

Wakahamia National Semiconductor. Huko Widlar alibuni LM100, chipu ya kwanza ya kurekebisha volti, kisha mwaka 1969 ikaja LM109. Hii ilikuwa na miguu mitatu tu: umeme unaingia mmoja, unatoka wa pili ukiwa volti 5, na wa tatu ni wa ardhi. Ikipata joto kupita kiasi inajizima yenyewe. Mafundi redio wanaoijua 7805 wanamjua mdogo wake.

Siri yake ni kipimo cha ndani. Volti ya transista hupungua joto linapopanda, lakini tofauti ya volti kati ya transista mbili zenye msongamano tofauti wa umeme huongezeka. Zikijumlishwa kwa kiasi sawasawa, athari ya joto inafutika na kubaki takriban volti 1.2. Wazo hilo David Hilbiber alishalitoa mwaka 1964. Widlar ndiye aliyeliingiza kwenye bidhaa ya kuuzwa. Hata simu inayochajiwa bila waya inahitaji kazi ya namna hii, kwa sababu umeme inaoupokea hubadilika simu ikisogezwa kidogo tu.

Tabia zake zilikuwa kioja. Alikunywa sana, na kifaa kibovu alikitwanga kwa nyundo mpaka kikawa unga. Mwaka 1970, kampuni ilipobana matumizi ya kukata majani, alimleta kondoo kwa gari lake la Mercedes aje kulisha mbele ya ofisi. Wengine husema alikuwa mbuzi. Picha inaonyesha kondoo.

Desemba mwaka huohuo aliuza hisa zake, akapata dola milioni 1 na kuhamia Puerto Vallarta, Mexico, akiwa na miaka 33. Utajiri alioutaka ukawa umepatikana, lakini kazi haikumwacha. Alirudi akiwa mshauri, akabuni LM10, inayofanya kazi kwa volti 1.1 tu, na mwaka 1981 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Linear Technology.

Alifariki dunia Februari 27, 1991, hukohuko Puerto Vallarta, kwa mshtuko wa moyo akiwa anakimbia mazoezi. Alikuwa na umri wa miaka 53.