Ayrton Senna: Bingwa wa langalanga anayeundwa upya mezani

Na Mwandishi Wetu

UKIFUNGUA boksi la gari la plastiki la McLaren MP4/4 lililotolewa upya na kampuni ya Tamiya ya Japan, utakuta karibu kila kilichokuwamo katika gari ambalo Mbrazili Ayrton Senna alilitumia kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa langalanga mwaka 1988.

Injini ya Honda ipo. Kiti ambacho dereva alikikalia kama mtu aliyejilaza kipo. Namba 12 ipo. Kinachokosekana ni jina la sigara, lililoandikwa kwenye gari halisi kwa herufi kubwa kuliko jina la timu yenyewe.

Sheria zinazopiga marufuku matangazo ya tumbaku ndizo zilizoliondoa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya marufuku hiyo ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2005, na watengenezaji wa modeli za plastiki hawakutaka kuuza katika duka la watoto kitu ambacho magari yenyewe hayaruhusiwi kukibeba. Ndiyo maana anayetaka gari lake lifanane na lile lililoonekana katika televisheni hulazimika kununua kando karatasi ya stika kutoka kwa watengenezaji wadogo, akazikata, akaziloweka majini na kuzibandika moja moja kwa kibano.

Mwandishi wa makala haya hana sigara anayoitetea. Hata hivyo, mtu anayekaa wiki kadhaa akirudisha jina lililofutwa hafanyi hivyo kwa kuipenda tumbaku. Anataka kuliona gari lilivyokuwa, na kwa Senna jambo hilo si dogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake inasomeka katika rangi, namba na majina ya magari aliyoyaendesha.

Gari la MP4/4 likipunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 20 hupata urefu wa takriban sentimita 22. Vipande vyake huja vimeshikamana na fremu za plastiki kama vilivyotoka katika kalibu. Muundaji huvikata, huvisugua kwa msasa, huviunganisha kwa gundi na kuvipulizia rangi tabaka kwa tabaka. Walio makini huongeza nyaya za injini, mabomba ya breki na mikanda ya kiti ambayo haimo ndani ya boksi.

Ayrton Senna da Silva alizaliwa Machi 21, 1960 jijini São Paulo. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo, na kijana huyo hakuujua umaskini wa vitongoji vya jiji hilo. Alipofikisha miaka minne, baba yake alimtengenezea karti ndogo yenye injini ya mashine ya kukatia majani. Akiwa na miaka 13 alianza kushindana rasmi, na mwaka 1977 alikuwa bingwa wa karti wa Amerika Kusini. Ubingwa wa dunia wa karti ulimponyoka mara mbili, mwaka 1979 na 1980, alipomaliza wa pili.

Inafaa kutaja hapa kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa modeli. Alipenda kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio, na aliendelea kufanya hivyo hata alipokuwa bingwa mwenye uwezo wa kununua ndege halisi.

Mwaka 1981 alikwenda Uingereza kushindana katika Formula Ford. Alishinda, kisha akatangaza kwamba anarudi nyumbani kusaidia shughuli za familia. Hakudumu huko. Mwaka uliofuata alirejea Uingereza, na ndipo alipoamua kutumia jina la Senna, la upande wa mama yake, kwa kuwa akina Silva wamejaa Brazil. Mwaka 1983 alishinda mbio tisa mfululizo za mwanzo wa msimu wa Formula 3 ya Uingereza, na ubingwa akautwaa katika mbio za mwisho baada ya Martin Brundle kumkaribia sana.

Aliingia katika langalanga mwaka 1984 na timu ndogo ya Toleman. Pointi yake ya kwanza aliipata katika ardhi ya Afrika, kwenye uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, alikomaliza wa sita akiwa amechoka kiasi cha kusaidiwa kutoka garini. Miezi miwili baadaye, Monaco, mvua ilinyesha kweli kweli. Senna alianza wa 13 na kuwapita wakubwa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa wa pili, akimkaribia Mfaransa Alain Prost aliyekuwa akiongoza, pale mbio ziliposimamishwa kwa sababu ya hali ya hewa na matokeo kuhesabiwa kwa mizunguko 31. Prost alipewa ushindi. Siku hiyo ndiyo ulimwengu ulipoanza kuuliza kijana huyu ni nani.

Lotus ilimchukua mwaka 1985. Gari lilikuwa jeusi lenye mistari ya rangi ya dhahabu, rangi za sigara nyingine. Waundaji wa modeli huiogopa mistari hiyo, kwani ni myembamba kama uzi, na stika ikivutwa vibaya hukatika na kazi ya siku nzima ikapotea. Kwa gari hilo, Aprili 21, 1985, katika uwanja wa Estoril nchini Ureno, tena katika mvua, Senna alipata ushindi wake wa kwanza. Michele Alboreto wa Ferrari alimaliza wa pili akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Waliobaki wote walikuwa wamepitwa mzunguko mzima.

Mwaka 1987 Lotus ilipakwa rangi ya njano, ya sigara ya tatu. Gari hilo, 99T, lilikuwa na injini ya Honda pamoja na springi zilizojirekebisha zenyewe kwa kuongozwa na kompyuta, na kwalo Senna alishinda Monaco kwa mara ya kwanza. Tamiya ililitengenezea seti, nayo imewahi kurudishwa sokoni, njano ile ile lakini bila jina. Namba 12 ni ya Senna. Ukibandika 11, umeunda gari la Mjapani Satoru Nakajima.

Kisha ukaja mwaka 1988 na McLaren. Katika mbio 16 za msimu huo, timu hiyo ilishinda 15. Senna alishinda nane na Prost, ambaye sasa alikuwa mwenzake katika timu moja, alishinda saba. Kwa jumla ya pointi zote Prost alikuwa mbele, 105 kwa 94. Lakini kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo 11 bora tu, na kwa hesabu hiyo Senna alipata 90 na Prost 87.

Ubingwa wenyewe aliukamilisha Suzuka, Japan. Taa zilipowaka kijani, injini yake ilizimika. Bahati ikawa kwamba mstari wa kuanzia katika uwanja ule uko kwenye mteremko. Gari liliserereka, injini ikawaka, na Senna akajikuta wa 14. Alimpita Prost kabla mbio hazijafika mwisho na kushinda.

Msimu huo huo una upande wake wa aibu. Monaco alikuwa akiongoza kwa karibu dakika moja, hana wa kumsumbua, zikiwa zimebaki kama mizunguko kumi, alipougonga ukuta peke yake. Hakurudi kwa mafundi wake. Alitembea kwa miguu hadi katika nyumba yake iliyokuwa jirani na kujifungia humo.

Kuhusu rangi ya gari hilo, waundaji hawajapata kukubaliana. Wengi huinunua nyekundu ya kawaida, na wengi hukosea. McLaren walitumia rangi kali inayowaka, iliyoegemea machungwa, kama ya fulana za wafanyakazi wa barabarani, kwa sababu katika kamera za televisheni za wakati ule ndiyo iliyoonekana nyekundu safi. Kwa hiyo mtu anapaswa kuchagua: aunde gari lililosimama uwanjani, au aunde lile ambalo dunia ililiona sebuleni. Akichagua la kwanza, ni lazima aanze na tabaka la rangi nyeupe, la sivyo ile inayowaka hufifia.

Uhasama wa Senna na Prost ndio unaowatia kigugumizi wanaomsimulia Senna kama mtakatifu. Mwaka 1989, Suzuka, magari yao ya timu moja yaligongana. Senna alirudi mbioni, akashinda, akaondolewa katika matokeo, na Prost akawa bingwa. Mwaka 1990, uwanja ule ule, Prost akiwa sasa Ferrari, Senna hakupunguza mwendo katika kona ya kwanza. Wote wawili waliishia mchangani na ubingwa ukawa wa Senna. Mwaka mmoja baadaye alikiri kwamba alikuwa amedhamiria. Ilikuwa hatari, kwa kasi ile, na angeweza kumuua mwenzake au kujiua. Gari la siku hiyo, MP4/5B lenye namba 27, nalo lina seti yake, na linapendeza likiwa kabatini. Asiyeijua historia yake hawezi kuona chochote kibaya juu yake.

Mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa tatu na wa mwisho kwa MP4/6, gari la injini ya Honda yenye silinda 12. Machi 24 mwaka huo alishinda kwa mara ya kwanza nyumbani kwao, Interlagos. Gia zilimharibikia moja baada ya nyingine, na mizunguko ya mwisho aliimaliza kwa gia ya sita pekee. Alipopanda jukwaani mikono ilikuwa haina nguvu. Alilinyanyua kombe kwa taabu mbele ya umati uliokuwa ukilia.

Kuna siku moja isiyo na kombe ambayo ingestahili kukumbukwa kama hiyo. Agosti 1992, katika mazoezi ya Spa, Ubelgiji, Mfaransa Érik Comas alipata ajali na kupoteza fahamu ndani ya gari lake huku injini ikinguruma. Senna alisimamisha gari lake, akakimbia barabarani huku magari mengine yakipita, akaizima injini ile na kukishika kichwa cha Comas hadi madaktari walipofika.

McLaren ya mwaka 1993 haikuwa na nguvu za kutosha, lakini Donington, Uingereza, kwenye mvua, alitoka nafasi ya tano hadi ya kwanza kabla mzunguko wa kwanza haujaisha. Mwaka huo alishinda Monaco kwa mara ya sita, rekodi ambayo haijavunjwa.

Mwaka 1994 alihamia Williams. Gari la FW16 lilikuwa la buluu na nyeupe, rangi za sigara ya nne katika maisha yake, na lilikuwa gumu kuliendesha. Mbio mbili za kwanza hakumaliza. Aprili 30, katika mazoezi ya Imola, Italia, Roland Ratzenberger wa Austria alifariki dunia. Siku iliyofuata Senna alianza wa kwanza, ikiwa ni mara ya 65 katika mbio 161 alizoanza, ambazo alishinda 41. Katika mzunguko wa saba, saa nane na dakika 17 mchana, gari lake liliacha njia katika kona ya Tamburello na kugonga ukuta. Alifariki hospitalini Bologna jioni ya siku hiyo.

Ndani ya gari ilikutwa bendera ya Austria. Alikusudia kuipeperusha kwa heshima ya Ratzenberger endapo angeshinda.

Comas naye alifika mahali pa ajali siku hiyo. Baada ya kuona aliyoyaona, hakuendelea na mbio.

Serikali ya Brazil ilitangaza siku tatu za maombolezo. Senna alizikwa Mei 5 katika makaburi ya Morumbi, na miongoni mwa waliolibeba jeneza alikuwamo Alain Prost. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya Italia ilihitimisha kwamba chanzo cha ajali kilikuwa kukatika kwa mhimili wa usukani uliofanyiwa marekebisho mabaya. Mwaka huo huo wa kifo chake, dada yake Viviane alianzisha Taasisi ya Ayrton Senna inayoshughulikia elimu ya watoto wa Brazil.

Seti za FW16 zipo, na wapo wanaozinunua na kuziacha ndani ya boksi miaka nenda rudi. Wengine huziunda, lakini kwa umbo la mbio za Brazil za mwanzo wa msimu, si za Imola.

Williams yenyewe ilibeba nembo ndogo ya herufi S ya Senna kwenye magari yake ya langalanga kuanzia mwaka 1995 hadi 2021. Anayeunda gari la timu hiyo la miaka ile kwa uaminifu hana budi kuitafuta stika hiyo. Kwa uwiano wa 1 kwa 20 huwa ndogo kuliko punje ya mchele, na hubandikwa mwisho, rangi ikishakauka.