Okot p'Bitek na mizani aliyoiacha mpakani

Mwanafunzi wa sekondari hapa Bugembe akianza ushairi wa Kiingereza, kinachomchosha kwanza ni kupima mistari. Sisi tuliozoea mashairi ya Kiswahili tunahesabu mizani: silabi moja, mizani moja, kazi imekwisha. Mwingereza haishii hapo. Anatafuta silabi ipi inatamkwa kwa nguvu na ipi inapita kimya kimya, na mpangilio wa hizo nzito na nyepesi ndio unaobeba shairi.

Kwa msomaji ambaye lori lake linamngoja, mfano ni huu. Taja Jinja mara nne bila kupumzika: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, silabi nane kwa jumla. Huo ndio mwendo wa Hiawatha, utenzi mrefu wa Longfellow wa Marekani uliotoka mwaka 1855. Sasa taja Berlin mara tano kwa matamshi ya Kiingereza, ambayo nguvu yake iko mwishoni. Hapo umeupata mwendo anaoutumia sana Shakespeare. Taabu yetu ni kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno, kama Malaba, kama Busia. Kiingereza hakina utaratibu huo. Mkazo unahamahama, na usipoujua neno kwa neno utapima hewa.

Mganda aliyelifahamu somo hili, kisha akaamua kuliweka kando, ni Okot p'Bitek.

Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake alisifika kwa kuimba na kutunga nyimbo za Kiacholi. Kwa hiyo nyumba moja ilimpa shule mbili. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo, kisha akajifunza ualimu Mbarara. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, alitoa riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi.

Kilichomvusha bahari kilikuwa mpira. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, ikacheza bila viatu, na Okot alikuwamo. Wenzake waliporudi nyumbani, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu mila na jamii za watu huko Oxford. Ni safari ndefu kwa mtu aliyeondoka nyumbani kwenda kupiga mpira.

Kati ya kazi za Kiingereza alizozisoma ilikuwamo hiyo Hiawatha ya Longfellow. Ilimvutia kwa sababu ilionyesha kwamba hadithi nzima inaweza kusimuliwa kama wimbo mmoja mrefu. Tena mwendo wake haukuwa wa Longfellow mwenyewe: Mmarekani huyo aliuchukua kutoka Kalevala, tenzi za Wafini. Mizani nayo huvuka mipaka, na haiulizwi hati.

Okot alitunga wimbo wake kwa Kiacholi, akauita Wer pa Lawino. Ndani yake kuna vina na mapigo yaliyopangika. Lawino ni mke wa kijijini anayemlalamikia mumewe Ocol, msomi anayedharau mila za kwao na kumtukuza Clementine, mwanamke wa kizungu kwa mapambo ingawa ni Mwafrika kwa kuzaliwa. Kisha ikaja kazi ya kuutafsiri, na mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu. Kulinda vina vya Kiacholi ndani ya Kiingereza kungemlazimisha kupindua maana ili neno la mwisho lilingane na jingine. Na kumpa Lawino mwendo wa Longfellow au wa Shakespeare kungekuwa kichekesho: mwanamke anayewacheka wanaoiga Wazungu, akilalamika kwa mapigo ya Wazungu! Angekuwa Ocol aliyevaa gauni. Okot akaacha vina, akaacha mizani, akaandika mistari mifupi inayofuata pumzi ya msemaji. Mafumbo na matusi ya Kiacholi akayaacha yalivyo, hata pale yanapomshangaza msomaji wa Kiingereza.

Kitabu kilitoka Nairobi mwaka 1966, kikichapishwa na East African Publishing House, kwa jina la Song of Lawino. Kikaenea haraka, na wengi wakaanza kuandika kwa mtindo huo. Kwa maoni yangu, baadhi yao walikosea hesabu. Walidhani Okot aliandika mistari huru kwa sababu ni rahisi, kumbe mwenzao alikuwa na mizani mkononi, akapima hasara na faida, ndipo akaitua.

Hasara ilikuwapo. Toleo la Kiacholi, lenye muziki wake kamili, lilichapishwa mwaka 1969, miaka mitatu baada ya tafsiri yake, na wanaoweza kulisoma ni wachache. Mshairi Taban lo Liyong hakuridhika na Kiingereza cha Okot, akautafsiri wimbo huo upya. Kazi yake ilitoka Kampala mwaka 2001. Wasomaji wa Kiswahili wanao Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa.

Maisha yake baada ya kitabu hicho hayakutulia. Aliongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni Kampala, lakini ulimi wake uliiudhi serikali, akapoteza kazi. Akavuka kwenda Kenya. Mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa Kisumu, akafundisha Nairobi kwa miaka mingi, na mwaka 1972 akapata tuzo ya Jomo Kenyatta kwa kitabu chenye nyimbo mbili, wa mfungwa na wa malaya. Alifundisha pia Ife, Nigeria. Alirudi Uganda baada ya Idi Amin kuondolewa, na mwaka 1982 Makerere ikampa uprofesa wa utunzi wa fasihi. Hakuufaidi. Alifariki Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 51.

Binti yake Juliane anaishi Kanada, naye ni mshairi. Anaandika kwa Kiingereza, katika mistari isiyo na vina.